Mkemia wa benchi anataka kuingia kwenye tathmini ya vihatarishi vya kemikali: aanzie wapi hapa Unguja na Pemba?

MakonyoMakavu aliuliza:

Assalaam alaykum wanajukwaa. Shahada ya kemia ninayo, na kazi yangu ni ya benchi la maabara: titresheni, spektrofotomita, mara moja moja GC, ile mashine ya kutenganisha mvuke wa kemikali. Sampuli inaletwa, natoa namba, namba inakwenda zake. Nataka kuhamia kwa wale wanaoamua namba ile ina maana gani kwa mtu anayeishika au kuivuta hiyo kemikali.

Nina maswali matatu. Kwanza, kazi yenyewe khasa ni ipi? Kila nikisoma nakutana na jedwali la nyekundu, njano na kijani, na siamini kama mtu analipwa kwa kupaka rangi visanduku. Pili, katika kemia niliyoisoma kipi kinatumika huko na kipi sinacho? Tatu, kazi hiyo ipo visiwani au mpaka mtu avuke maji?

Tafadhalini nipeni mfano wenye namba. Nasaha za "jitume tu" ninazo za kutosha.

---

UpepoWaKusi alijibu:

Waalaykum salaam. Jedwali la rangi ni karatasi ya mwisho, la kumwonesha meneja ambaye hana muda wa kusoma. Kazi iko kabla yake.

Shika maneno mawili ambayo watu wanayachanganya kutwa. Kihatarishi ni tabia ya kemikali yenyewe: tindikali inaunguza, iwe imo ghalani au imemwagika mkononi. Hatari ni habari ya mtu: kiasi gani kinamfika, kwa njia gani, kwa muda gani, na kikishamfika kinamfanya nini. Dumu lililofungwa na dumu lililo wazi yana kihatarishi kimoja, hatari zao ni mbingu na ardhi. Mkemia wa benchi kihatarishi anakijua vizuri. Asichokizoea ni kwenda kumtazama mtu akiwa kazini.

Hatua ziko nne, na zimekaa hivyo tangu Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipozipanga mwaka 1983: kutambua kihatarishi, kujua dozi gani inaleta madhara gani, kukadiria kiasi kinachomfika mtu, halafu kuviunganisha vyote na kutoa hukumu. Kwa kazi za huku, mbili za mwanzo utazipata zimeshaandikwa na wengine. Ya tatu haijaandikwa popote, lazima uende ukaitazame.

Mfano wenye namba, basi. Chukua chumba cha pampu cha bwawa la kuogelea, hoteli yoyote ya pwani. Upana mita 3, urefu mita 4, dari mita 2.5, yaani mita za ujazo 30. Ndani mna klorini ya maji (haipokloraiti, dawa ya bwawa) ya asilimia 12 na tindikali ya haidrokloriki ya kushushia pH. Madumu yote ni meupe, yote ya lita 20, na lebo zimeliwa na jua. Mtu wa bwawa anakuta dumu moja limebaki kama lita 1 chini, anadhani ni tindikali, anajazia tindikali juu yake. Kumbe ni klorini.

Lita 1 ya klorini ya asilimia 12 ina takriban gramu 120 za klorini inayoweza kutoka. Gawa kwa 30: gramu 4 kwa mita ya ujazo, yaani miligramu 4,000. Kwa gesi ya klorini ppm 1 (sehemu moja ya gesi kwa sehemu milioni za hewa) ni miligramu 2.9 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo unapata karibu ppm 1,380. Kiwango ambacho NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, inakihesabu kuwa ni cha hatari ya papo hapo kwa uhai ni ppm 10. Sema gesi yote haikutoka, imetoka asilimia 1 tu: bado ni ppm 14. Hapo huhitaji kifaa cha dola elfu tano kukwambia neno. Namba hii haitabiri kitakachotokea. Inakwambia kwamba kosa dogo halina nafasi ya kusamehewa mle ndani, na kwamba kumwambia mtu "awe makini" hakutoshi.

Sasa tazama chumba. Klorini ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara mbili na nusu, inalala chini. Dirisha dogo lililo karibu na dari halisaidii kitu. Tundu la kutolea hewa linatakiwa liwe chini ya ukuta. Mlango ufunguke kwa nje. Madumu yatengwe, kila moja kwenye beseni lake la kukingia lenye ujazo wa asilimia 110 ya dumu kubwa kuliko yote lililomo. Beseni moja kwa yote mawili ni mtego: yakivuja yanakutana humo humo.

Halafu liko jambo ambalo huliona mpaka usimame pale umeme ukikatika. Pampu za kudondoshea kemikali zimefungwa waya mmoja na pampu kubwa ya kuzungusha maji, kwa hiyo umeme ukikatika zote zinasimama, na kila mtu ameridhika. Umeme unarudi. Pampu kubwa imepoteza maji, inazunguka kavu, haisukumi kitu. Zile ndogo zinaendelea kudondosha klorini na tindikali kwenye bomba lililosimama. Vinakutana humo. Baada ya dakika ishirini mtu anakuja, anatia maji kwenye pampu kubwa, inashika, na donge la gesi linatokea kwenye matundu ya bwawa, watoto wanaogelea. Dawa yake ni swichi inayohisi mwendo wa maji ndani ya bomba, ambayo inazima pampu ndogo maji yasipokwenda, hata kama umeme upo. Na sehemu mbili za kuingizia kemikali ziachane kadiri bomba linavyoruhusu.

Ukiandika ripoti inayosema "wafanyakazi wavae barakoa" na hukuigusa ile swichi, hukufanya tathmini. Mpangilio unajulikana: ondoa, badilisha, zuia kwa ufundi, kisha taratibu, na vifaa vya kuvaa viwe vya mwisho. Ripoti nyingi zinaanzia mwisho kwa sababu glavu ni rahisi kununua.

Na hayo majedwali ya rangi: ukisikia mtu anasema uwezekano 3 mara ukubwa wa madhara 4 ni 12, mwulize 12 ya kitu gani. 3 na 4 hapo ni majina ya ngazi tu, kuyazidisha hakukupi kipimo. Yatumie kupanga kipi kianze, usiyatumie kuthibitisha kwamba pahala ni salama.

---

BiMwani_Paje alijibu:

Nakubaliana na UpepoWaKusi, ila nisingependa kijana adhani kazi hii ni ya mabwawa tu. Huku mashariki iko sabuni ya mwani, na humo mna tathmini mbili tofauti kabisa: ya anayeitengeneza na ya anayeioga.

Ya anayetengeneza ni kostiki soda. Mafuta ya nazi yanataka takriban gramu 183 za kostiki kwa kila kilo. Ukiacha asilimia 5 ya mafuta yasiyoliwa na kostiki ili sabuni isikwangue ngozi, ni gramu 174, na maji mara mbili yake, gramu 348. Kostiki inatiwa kwenye maji, kidogo kidogo, kamwe si maji juu ya kostiki. Mchanganyiko unapanda nyuzi 80 na zaidi peke yake, bila moto. Usitumie sufuria ya alumini: kostiki inaila na inatoa haidrojeni, na pembeni pana jiko linawaka. Tumia ndoo ngumu ya plastiki inayostahimili joto au chuma kisichoshika kutu.

Mtathmini akifika pale asianze kuandika "kostiki ni hatari", hilo wamama wanalijua kuliko yeye. Atazame wanavyopima. Wakipima kwa kikombe badala ya mizani, kikombe cha chenga na kikombe cha unga si uzito mmoja. Atazame mfuko umefungwaje: hewa ya huku ina unyevu, kostiki inanyonya maji, gramu 174 za mfuko uliokaa wazi hazina tena gramu 174 za kostiki ndani yake. Kosa hilo linatoa sabuni laini, si la kutisha sana. La kutisha ni yule anayegundua sabuni laini, akaongeza kostiki "kwa kukisia", kisha akafungua mfuko mpya.

Hapo ndipo benchi lako linapoingia, MakonyoMakavu. Yeyusha gramu 10 za sabuni kwenye ethanoli ya moto iliyokwisha kusawazishwa isiwe asidi wala alkali, tia kiashiria cha fenolfthalini, titresha kwa HCl 0.1 M. Ukitumia mililita 2.5, hiyo ni milimoli 0.25, mara 40 (uzito wa moli ya kostiki), miligramu 10 za kostiki huru, isiyoungana na mafuta: asilimia 0.1. Usidanganyike na karatasi ya pH iliyolowanishwa kwa povu. Sabuni nzuri yenyewe iko kwenye 9 hadi 10 na karatasi haitakutenganishia.

Ya anayeioga ni habari nyengine. Wengi wanatia mafuta ya karafuu, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli. Chukua mafuta yenye yujenoli asilimia 80, yametiwa asilimia 1 kwenye sabuni: yujenoli ni asilimia 0.8. Sheria ya vipodozi ya Umoja wa Ulaya, Na. 1223 ya 2009, inataka yujenoli itajwe kwa jina kwenye lebo ikizidi asilimia 0.01 kwa bidhaa ya kusuuza na 0.001 kwa bidhaa ya kubaki mwilini. Umeshapita mara 80. Mgeni akinunua mche mmoja dukani Paje haina neno, lakini ukitaka kupeleka katoni Ulaya, lebo isiyo na neno hilo inarudishwa.

Sasa hesabu inayomfika mtu. Kamati ya kisayansi ya Ulaya inakadiria sabuni ya maji ya kuogea inayobaki mwilini ni miligramu 2.79 kwa kilo ya uzito wa mtu kwa siku, kwa sababu nyingi inasuuzwa. Losheni ya mwili ni 123.2. Zidisha kwa 0.008, ndiyo ile asilimia 0.8: sabuni inakupa miligramu 0.022, losheni karibu 0.99. Mafuta yale yale, asilimia ile ile, tofauti mara 44. Hii ndiyo maana ya kusema hatari haimo kwenye chupa.

Na hapa pana shimo wanaloanguka wakemia. Wanakwenda kutafuta kiwango kinachokubalika cha yujenoli, wanakuta miligramu 2.5 kwa kilo kwa siku, wanalinganisha na 0.99, wanaandika "salama". Kiwango kile ni cha kula, kwa mwili mzima. Tatizo la yujenoli kwenye ngozi ni kuiletea mzio, na mzio unahesabiwa kwa kiasi kinachokaa kwenye kila sentimita ya mraba ya ngozi, si kwa kilo ya mwili. Hesabu yako iko sawa na jibu lako si sawa. Kabla ya kugusa kikokotoo, jiulize: madhara ninayoyatafuta ni yapi, na yanatokea wapi mwilini?

Jambo moja kuhusu kazi. Sheria ile inataka anayetia saini tathmini ya usalama wa kipodozi awe na shahada ya famasia, toksikolojia (elimu ya sumu), udaktari au fani inayofanana. Kemia tupu inabishaniwa. Mkemia anaweza kuandaa sehemu ya kwanza yote, ya data: viambato, uchafu uliomo, uthabiti, kiasi kinachomfika mtu. Saini ya sehemu ya pili ni ya mwengine, mpaka uongeze toksikolojia.

---

LitaMbiliKwaDakika alijibu:

Swali lako la pili: unacho kingi, unachokosa ni sampuli. Wewe umezoea kuletewa. Huko utaichukua mwenyewe, na makosa mengi yanatokea kabla sampuli haijafika maabara.

Chukua karakana ya boti za faiba. Rezini inatoa mvuke wa staireni. Unamvalisha fundi pampu ndogo kiunoni, na tyubu ya mkaa amilifu unaibana kwenye ukosi wa shati, isipite sentimita 30 kutoka puani. Usiiweke mezani; meza haivuti pumzi. Mwendo lita 0.05 kwa dakika, dakika 240, hewa lita 12. Usizidishe sana, njia ya NIOSH 1501 inaishia lita 14 kwa staireni.

Tyubu ina mkaa miligramu 100 mbele na 50 nyuma. Maabara izipime mbalimbali. Ikiwa nyuma kuna zaidi ya asilimia 10 ya kilichopo mbele, mkaa umejaa na mvuke umepita: sampuli hiyo unaitupa, huikadirii. Kwa huku kwetu hilo linakuja mapema kuliko vitabu vinavyosema, kwa sababu unyevu wa hewa nao unagombania nafasi kwenye mkaa. Masika, fupisha muda na ubadilishe tyubu katikati ya kazi.

Mwendo wa pampu upimwe kabla na baada, na tyubu ya aina ile ile ikiwa imeunganishwa nayo. Ukipishana zaidi ya asilimia 5, kazi imeharibika. Beba tyubu mbili unazozifungua na kuzifunga pale pale bila kuvuta hewa, ziende maabara na zenzake. Zikirudi na staireni, ujue uchafu umeingia njiani. Na zisikae kwenye buti la gari saa saba mchana. Sanduku la barafu, na kama unatoka Wete kuja Unguja, sanduku liwe na wewe kitini, lisiende na mizigo.

Tuseme maabara imekuta miligramu 1.8. Gawa kwa mita za ujazo 0.012: miligramu 150. Kwa staireni ppm 1 ni miligramu 4.26, kwa hiyo ppm 35. Kosa la kwanza la wanaoanza: wanaandika 35 kama wastani wa saa nane. Ulipima saa nne. Kama saa nne nyengine fundi alikuwa anapiga msasa nje bila kugusa rezini, wastani wa siku ni 17.5. Kama alikuwa anaendelea na rezini na wewe ulishaondoka, hujui, na uandike kwamba hujapima.

Kosa la pili ni kuulinganisha na kiwango kimoja tu. OSHA, wasimamizi wa usalama kazini wa Marekani, wanaruhusu ppm 100, NIOSH inapendekeza 50, na ACGIH, chama cha wataalamu wa usafi wa kazi, 10. Ppm 17.5 ni "sawa" kwa wawili na "imezidi" kwa mmoja. Lazima useme umechagua kipi na kwa nini. ACGIH wanatazama afya peke yake, hawaangalii kama kiwanda kitaweza. Ile 100 ya OSHA ni ya zamani. Anayeficha uchaguzi wake kwenye ripoti ndiye anayepata tabu akiulizwa.

Na usiizamie staireni mpaka ukasahau hadena. Hadena, dawa ya kugandisha rezini, ni MEKP, peroksaidi. Ikikutana moja kwa moja na kobalti ya kuharakishia, bila rezini kati yao, inaripuka. Kobalti inachanganywa na rezini kwanza, hadena baadaye. Kikombe kimoja cha kupimia vyote viwili ni kitu cha kuondoa siku ile ile uliyokwenda, hata kabla ripoti haijaandikwa. Glavu nyembamba za naitraili zinapenywa na staireni haraka. Za PVA zinaikataa vizuri, ila zinayeyuka kwa maji, kwa hiyo usimpe fundi anayeosha brashi kwenye ndoo.

Masomo: OHTA, shirika la kimataifa la mafunzo, wana kozi za usafi wa mazingira ya kazi. Kozi ya 201 ni msingi, 501 ni kupima kemikali, 505 kuzidhibiti, 507 madhara ya kiafya. Vitabu vyao vya mafunzo ni bure mtandaoni, unalipia darasa na mtihani. Soma ya 501 kabla hujalipa senti. NEBOSH, cheti cha Uingereza cha usalama kazini, wengi wanaikimbilia, na kweli inafungua milango ya hoteli na ujenzi, lakini haikufundishi kupima. Huko mbele sana kuna vyeti vya juu vya utaalamu: CIH kwa upande wa kupima, na DABT au usajili wa ERT wa Ulaya kwa upande wa toksikolojia. Zote zinataka miaka ya kazi, si mtihani tu.

---

MakonyoMakavu aliandika:

Mungu awajaalie. Nimeisoma ile hesabu ya yujenoli mara tatu. Bado sijajibiwa kuhusu ajira, na sheria ipi inatumika: ya Bara au yetu?

---

GatiLaMkoani alijibu:

Yetu. Usalama na afya kazini hapa ni Sheria Na. 8 ya 2005 ya Zanzibar, Na. 5 ya 2003 ni ya Bara, na ripoti inayoinukuu hiyo ya Bara kwa kiwanda cha Chake inamwambia msomaji kwamba aliyeandika amenakili. Mazingira ni Na. 3 ya 2015, na ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, ndiyo inayosimamia tathmini ya athari za mazingira.

Ajira yenye jina la "mtathmini wa vihatarishi vya kemikali" usiitafute, hutaiona kwenye tangazo. Kazi hiyo imegawika ndani ya nyengine: Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ZBS kwenye viwango na lebo, ZFDA kwenye vyakula na vipodozi, ZEMA, ukaguzi wa kazi, na washauri wanaoandika ripoti za mazingira ambao mara nyingi hawana mkemia hata mmoja. Hapo pa mwisho ndipo mlango ulio wazi zaidi kwa mtu kama wewe. Sura ya kemikali kwenye ripoti zao huwa kurasa mbili za kunakili.

Jifunze pia usafirishaji, kwa sababu kila kitu tunakipata kwa njia ya bahari. Kila mzigo wa hatari una namba yake ya Umoja wa Mataifa: klorini ya maji ni UN 1791, tindikali ya haidrokloriki UN 1789, kostiki ya chenga UN 1823. Zote tatu ni daraja la 8, la vinavyounguza, na mpakiaji akiona 8 na 8 anadhani zinaweza kukaa pamoja. Kanuni za IMDG, za mizigo ya hatari baharini, zinataka klorini hiyo ya maji itengwe na asidi ingawa daraja ni moja. Klorini ya unga, kalsiamu haipokloraiti kavu, ni UN 1748, daraja 5.1, inalisha moto: isikae karibu na mafuta, sukari wala gunia la makonyo. Na isichotwe kwa kijiko kimoja na vile vidonge vya klorini vya trikloro. Vikichanganyika na unyevu kidogo vinaweza kuripuka.

Ukitaka kujipima kabla hujaomba kazi popote, chukua SDS yoyote, karatasi ya usalama ya kemikali, ya sehemu 16, soma ya 2, ya 8 na ya 10 tu, uone kama zinasemezana. Sehemu ya 2 inasema inaunguza ngozi, ya 8 inasema "vaa glavu zinazofaa" bila kutaja aina wala unene: hiyo SDS haijasomwa na aliyeiandika. Andika nusu ukurasa ukieleza kasoro na marekebisho. Nusu kurasa kumi kama hizo ni kitu bora cha kuweka mezani kwenye usaili kuliko cheti.

---

LitaMbiliKwaDakika aliandika:

Nyongeza kwa UpepoWaKusi: ile 2.9 ni ya nyuzi 25. Chumba cha pampu mwezi wa pili kina 32 na zaidi, ppm itapanda kwa asilimia 2 na ushei.

---

UpepoWaKusi aliandika:

Kweli, 1,380 iwe 1,410. Uamuzi haubadiliki, lakini kwenye ripoti uandike nyuzi ulizotumia, maana yuko atakayeuliza.

---

MakonyoMakavu aliandika:

La mwisho. Nimeruhusiwa kuanza na orodha ya kemikali za stoo moja. Kuna madumu manne hayana lebo. Nifanyeje?

---

UpepoWaKusi alijibu:

Usinuse. Usimimine kwenye choo wala karo, huko yatakutana na mengine. Usiyasogeze kama yamevimba. Klorini ya maji ikioza kwa joto inatoa oksijeni na dumu linatuna, kizibo kinaweza kuruka. Kwanza kwenye makaratasi: risiti, karatasi za mzigo, na yule aliyekuwepo stoo kabla ya huyu wa sasa. Mara nyingi madumu matatu kati ya manne yanapata jina hapo.

Lililobaki, siku ya upepo, nje, miwani na glavu, mtu wa pili amesimama pembeni: tone moja kwa kijiti cha kioo kwenye karatasi ya pH, tone jengine kwenye karatasi ya wanga na iodaidi. Ikigeuka buluu-nyeusi, ni kioksidishaji, litenge na kila kinachoungua na kila tindikali. Karatasi ikigeuka buluu kisha ikapauka nyeupe mara moja, usidhani hakuna kitu: klorini ni kali mpaka imeila rangi yenyewe. Punguza tone kwa maji urudie. Halafu bandika lebo ya kile unachokijua tu, "alkali, kioksidishaji, haijatambuliwa", na tarehe. Usiandike jina la kukisia. Atakayekuja baada yako ataliamini.

---

MakonyoMakavu aliandika:

Mawili yametuna. Nayaacha, namtafuta mtu wa stoo wa zamani kwanza.